Ukimtoa nyoka uani, unampeleka kwa nani?

Msimu wa mvua uliopita, jirani yangu hapa Chuno, Mtwara, alisogeza gunia la mahindi stoo akamkuta swila amejikunja ukutani. Kijana wake akakimbilia panga. Hata hajalinyanyua, nyoka kashainua shingo na kumtemea. Bahati yake alikuwa amegeuza uso, mate yakaishia shavuni na kwenye kola. Akaoshwa kwa ndoo nzima ya maji, maana swila wa huku hutema umbali wa mita mbili na zaidi, na shabaha yake ni macho. Nyoka akauawa. Jioni barazani ukazuka ubishi: si angekamatwa tu, akapelekwa porini?

Wanaosema hivyo wana hoja. Yule nyoka hakuwafuata watu, alifuata panya, na panya walifuata mahindi. Ukimuua, panya wamebaki palepale. Tena tunaua bila kubagua: kila nyoka mwembamba wa kijani tunamwita koboko, kumbe wengi ni wala vyura na mijusi wasio na sumu ya kumdhuru mtu. Ila koboko wa kijani naye yupo pwani hii, hasa kwenye miembe, na ukiwa chini ya mti na watoto huna nafasi ya kumchunguza. Simlaumu mwenye fimbo.

Kwani akigonga, ni nani anayebeba gharama? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka duniani, wengi wakiwa wakulima na watoto wa vijijini. Mtu wa ndani kabisa huko Liwale akigongwa usiku, kabla hata ya kuuliza kama dawa ipo, lazima kwanza ipatikane bodaboda.

Kinachonisumbua zaidi ni hilo neno "porini". Toka hapa uelekee Naliendele, pori ni lipi? Ni mikorosho, na kila mkorosho una mwenyewe. Chukua kifutu. Rangi yake na majani makavu ya mkorosho huwezi kuvitenganisha, na ukimsogelea hakimbii, analala tu. Ukimfungulia huko, umemkabidhi kwa mama atakayeinama kuokota korosho kwa mkono mtupu. Wema huo una mlipaji, naye hakuulizwa.

Wala nyoka mwenyewe hafaidiki sana. Huko Marekani, watafiti waliofuatilia nyoka waliohamishiwa mbali waliona wanatangatanga na kufa kuliko wenzao walioachwa kwao. Ndivyo ilivyo: mgeni hajui shimo wala mawindo yalipo.

Chatu ni habari nyingine. Hana sumu, ni mzigo wa kukamatika, na kosa lake kubwa ni kuku na mbuzi. Huyo mwite afisa wanyamapori wa halmashauri, amwondoe. Usimfungie bandani ukawaonyesha watu kwa kiingilio: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haichekeshi.

Kwa hawa wenye sumu, mimi naona kuhamisha kuna maana pale tu panapokuwa na mjuzi, na fimbo yenye ndoano, na ndoo yenye mfuniko, na aachiwe jirani na alipokamatwa, si wilaya nyingine. Bila hivyo, rudi nyuma, mwachie mlango wazi, mwangalie kwa mbali mpaka atoke. Wapo wanaogongwa wakati wanajaribu kumshika au kumuua. Akiwa chumba wanacholala watoto na hakuna wa kumpigia simu, sitakuja kukuhubiria.

Juzi nilipita kwa jirani. Magunia kayapandisha kwenye chaga, stoo inafagika. Lakini lile rundo la matofali nyuma ya choo bado lipo, limeota majani. Nilipomuuliza, akasema anamsubiri fundi tangu Ramadhani.