Chipu ilale chali au kifudifudi?

Fungua mita ya fundi ya kupimia umeme (multimeter) ya bei ya chini, zile za njano. Katikati ya bodi utakuta tone jeusi, gumu, kama lami iliyodondoka ikakauka. Hakuna namba wala miguu. Chini yake imelala chipu tupu isiyo na kasha.

Imelala chali, uso wenye miunganisho ukitazama juu. Ikishagundishwa, mashine huishonea nyaya, moja baada ya nyingine, kutoka pembeni mwake hadi kwenye shaba ya bodi. Waya wa alumini hushikizwa kwa mgandamizo na mtetemo tu. Wa dhahabu hutaka na joto. Unene wake mara nyingi ni maikroni 25 hivi, mwembamba kuliko unywele. Ukiugusa, umekwisha. Ndiyo maana humwagiwa epoksi, gundi inayokauka kuwa lile tone.

Njia ya pili, ambayo kampuni ya kompyuta ya IBM waliianza miaka ya 1960, huilaza kifudifudi. Vidonge vya lehemu huwekwa usoni mwa chipu, kisha inageuzwa na kupashwa moto. Hapa kuna jambo linalonifurahisha: chipu ikikaa upande kidogo, lehemu iliyoyeyuka huivuta yenyewe hadi mahali pake. Miunganisho yote hushika kwa mpigo, ni mifupi, na inaweza kuenea uso mzima badala ya pembeni tu. Kwa chipu yenye miunganisho mamia, waya hauna ubavu.

Ila joto halina huruma. Silikoni ya chipu hutanuka kama sehemu 3 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Bodi ya kawaida, kama 15. Waya utapinda tu, lakini kidonge kitapasuka. Kwa hiyo chipu kubwa hutiliwa gundi chini ya tumbo, gharama nyingine hiyo. Na mgongo ukibaki wazi, kuna vituko: mwaka 2015 Raspberry Pi 2, kompyuta ndogo ya bodi moja, ilikuwa ikizimika ukiipiga picha kwa flashi ya xenon, kwa sababu mwanga uliivuruga chipu ndogo ya kudhibiti umeme. Dawa ikawa kuifunika.

Kwa mita, kalkuleta na midoli, mimi naitetea chali. Bila tone lile bei isingekuwa ile. Lakini kwa fundi ni kaburi: nimewahi kulipasha tone kwa hewa ya moto, likatoka na nyaya zake zote. Siku hizi navuna kioo na swichi, bodi naiacha.