Lori Bubu

Mjomba wangu ameendesha malori kati ya Mombasa na Malaba tangu nikiwa shule ya msingi. Akipita Nakuru hulala kwetu Free Area badala ya Salgaa, kituo cha madereva wa malori, na kwa hilo mamangu humshukuru Mungu kila mara. Aliposikia nina lori ndani ya kompyuta, alicheka mpaka chai ikampalia.

"Jumapili nakuja. Nataka kuona unavyopanda nalo Mau Summit."

Mchezo wenyewe ni Euro Truck Simulator 2, kazi ya Wacheki wa Prague, uliotoka mwaka 2012. Barabara zake ni za Ulaya, lakini watu huutengenezea modi: ramani za kwingine, malori mapya, hata mabasi yetu. Ramani ya Kenya nilikuwa nayo na ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Kwa heshima ya mjomba nikapakua na lori linalofanana na lake. Lilikuja ndani ya zip, ndani ya zip kuna folda, ndani ya folda kuna folda nyingine, na faili ya .scs, ndiyo modi yenyewe, iko huko chini kabisa. Aliyeifunga vile alikuwa na hasira na mtu. Mchezo hauchimbui, faili isipowekwa wazi ndani ya folda ya mod, haionekani.

Usiku wa kuamkia Jumapili laptopu ikapakua sasisho la mchezo, ikamaliza bando. Asubuhi nikakuta jina la ramani limegeuka jekundu kwenye orodha ya modi: ilitengenezewa toleo lililopita. Nikawasha hivyo hivyo. Mchezo ukafika katikati ya kupakia, ukatoweka. Nikafungua game.log.txt, faili ambamo mchezo huandika kila kilichoushinda, na humo mistari ya ERROR imepanga foleni kama malori kwenye mizani ya Gilgil.

Mjomba akaingia na mkate na maziwa.

"Bado halijawaka?"

"Limegoma, Mjomba."

Akavuta kiti, akakunja mikono ya shati. "Fyuzi ikiungua kila ukiweka mpya, unafanya nini?"

"Sijui."

"Unachomoa nyaya zote. Unarudisha nusu. Ikiungua, ugonjwa uko kwa hiyo nusu. Nayo unaigawa tena. Mpaka umshike mwizi."

Nimesoma maelezo mengi kuhusu modi zinazogombana, na hakuna aliyewahi kunielezea vizuri namna hiyo. Tukachomoa zote, tukarudisha nusu nusu, tukamshika mwizi: ramani ya Kenya, peke yake. Zingine hazikuwa na neno.

"Basi itoe, tuendeshe," akasema.

Sasa, ukiitoa ramani, mji uliokuwa umeegesha haupo tena, kwa hivyo mchezo hukurudisha gereji. Gereji yangu iko Dortmund. Ndivyo mjomba alivyojikuta Ujerumani na kandambili miguuni, usukani ukiwa upande wa tanboi, msaidizi wa dereva.

"Bonyeza E, iwake."

Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, kumbe amelizima. Akabonyeza tena.

"Limewaka, Mjomba. Angalia mshale wa dashibodi."

"Lori haliwaki kwa mshale."

Nikajaribu kumweleza. Mwaka 2020, toleo 1.37 lilipoingia, mchezo ulibadilisha mfumo mzima wa sauti, na malori ya kupachika yaliyoundwa kabla ya hapo yakawa mabubu mpaka aliyeyaunda ayatengenezee sauti upya. Hili letu ni la kabla. Injini iko, sauti ndiyo haipo.

Mjomba akanitazama kwa huruma, akashika kibodi, na akaanza kunguruma mwenyewe. Kwa mdomo. Akiongeza kasi, anapandisha sauti. Akibadilisha gia, anavuta pumzi. Akifunga breki, "tssss" mpaka mate yanafika kwenye kioo. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akatuangalia, akarudi bila kuuliza.

Gereji tukatoka salama. Barabarani mjomba akashika kushoto, kama Mkenya yeyote mwenye akili timamu. Gari dogo likaja mbele yetu.

"Huyu amelewa!"

"Mjomba, hapa wanaendesha kulia."

"Wote?"

Tukaligonga. Faini. Akapita taa nyekundu akiwa bado analalamika. Faini tena. Hapo akaacha kunguruma.

"Polisi yuko wapi?"

"Hayupo. Pesa zinakatwa tu."

"Zinakatwa na nani? Nani amenisimamisha? Mbona sijaongea na mtu?" Kwa miaka yote hiyo barabarani, sijui kama kuna kitu kilichowahi kumuumiza hivyo. Faini bila mazungumzo!

Nikaona aibu ya nchi ya watu itamuua. Ndani ya Steam, programu niliyonunulia mchezo, kwenye sifa za mchezo, kuna sehemu iitwayo Betas ambapo unaweza kuchagua toleo la zamani. Nikaomba intaneti ya simu yake, nikalipakua upya bando lake likiisha, nikafungua nakala ya zamani ya safari zangu. Kufikia saa kumi ramani ikafunguka: barabara yetu, lami, vibanda, upande wa kushoto. Nikampisha kiti kwa fahari.

Akaendesha kidogo. Akasimama kando ya barabara. Dereva wa mchezo akapiga miayo, maana naye huchoka akikaa sana bila kulala.

"Hapa si kazini kwangu?"

"Ndiyo, Mjomba. Ndio uzuri wake."

"Nimetoka hapa jana. Kesho asubuhi niko hapa tena. Na wewe unataka Jumapili nipige ovataimu bila posho?" Akausukuma ubao wa kibodi kwangu. "Toa hii kitu. Nirudishe kwa Wajerumani, kuna mtu kule nataka kumwelewa."

Nikaichomoa ramani. Akashika kulia, polepole, akanguruma.