Kipokezi cha Homoni: Kukizima au Kukielewa?

Utafiti wa saratani ya tezi dume na ya matiti umebeba mvutano ambao bado haujaamuliwa: je, nguvu nyingi zielekezwe katika kutafuta dawa kali zaidi za kuzima vipokezi vya homoni, yaani protini za seli zinazopokea ishara ya homoni, au katika kuchunguza jinsi seli yenyewe inavyovitengeneza, inavyoviongeza na inavyovivunja?

Wanaotetea kuzima wana historia upande wao. Mwaka 1896 George Beatson, daktari wa upasuaji wa Glasgow, alieleza jinsi saratani ya matiti ilivyonywea baada ya kuondoa ovari, na mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago wakaonyesha kwamba saratani ya tezi dume iliyosambaa hurudi nyuma mgonjwa anapoondolewa korodani. Mwanasayansi Elwood Jensen alipokitambua kipokezi cha estrojeni, homoni ya kike itokayo hasa kwenye ovari, sababu ilifahamika: homoni hujishikiza kwenye protini iliyo ndani ya seli, na protini hiyo huwasha jeni zinazoihimiza seli igawanyike. Tamoksifeni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1977, hukalia nafasi ya estrojeni kwenye kipokezi hicho, na wanawake wenye uvimbe ulio na kipokezi hicho wakiitumia kwa miaka mitano, vifo vitokanavyo na saratani hiyo hupungua kwa takriban theluthi moja. Mafanikio haya hayapaswi kubezwa na yeyote.

Hata hivyo, seli ya saratani hujibu. Testosteroni inapokatwa, baadhi ya seli za tezi dume huzidisha nakala za jeni ya kipokezi cha androjeni (homoni za kiume kama testosteroni), na nyingine hutengeneza kipokezi kifupi, AR-V7, kisicho na sehemu ya kushikia homoni, ambacho hubaki kimewaka muda wote. Katika utafiti wa Johns Hopkins uliochapishwa mwaka 2014, miongoni mwa wagonjwa 62 waliokuwa wakitumia enzalutamidi au abirateroni, dawa zinazokata nguvu ya androjeni, hakuna hata mmoja mwenye AR-V7 ambaye kipimo chake cha PSA, protini ya damu inayotumika kufuatilia saratani ya tezi dume, kilishuka kwa nusu. Kwenye matiti, dawa zinazozuia mwili kutengeneza estrojeni huacha nyuma seli zenye mabadiliko katika ESR1, jeni ya kipokezi cha estrojeni, ambazo kipokezi chake hufanya kazi bila homoni.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapopata uzito, na kwangu mimi ndiyo hoja inayostahili kutafakariwa zaidi. Kipokezi si adui wakati wote. Kabla ya tamoksifeni, wanawake waliokoma hedhi walitibiwa saratani ya matiti kwa estrojeni nyingi, na baadhi yao walipata nafuu. Leo testosteroni ya kiwango cha juu inajaribiwa kwa wanaume ambao saratani yao imekuwa sugu kwa dawa za kuzima. Aidha, utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kukiwasha kipokezi cha androjeni katika saratani ya matiti yenye kipokezi cha estrojeni huzuia uvimbe kukua, ilhali kipokezi hichohicho ndicho kinachoikuza saratani ya tezi dume. Tofauti hiyo inatokana na mahali kipokezi kinapotua kwenye vinasaba na protini kinazoshirikiana nazo, mambo ambayo dawa kali zaidi peke yake haiwezi kuyafichua.

Wapinzani watasema, na wana haki, kwamba mgonjwa hawezi kungoja maabara imalize kudadisi. Lakini dawa kama fulvestranti ya mwaka 2002 na elasestranti ya mwaka 2023 hufanya kazi kwa kuisukuma seli ikivunje kipokezi chake yenyewe, na hiyo ya pili hutolewa baada ya kipimo kuthibitisha mabadiliko ya ESR1. Naona basi kwamba kila jaribio la dawa mpya ya kuzima lingepaswa kuchukua sampuli ya uvimbe upya pale dawa inaposhindwa, kwa kuwa hali ya kipokezi hubadilika saratani inaposambaa. Kwa tezi dume kazi hiyo ni ngumu, maana saratani hiyo hukimbilia mifupani ambako sampuli hupatikana kwa taabu. Kwa sababu hiyo vipimo vya damu vinavyonasa seli za saratani na vipande vya vinasaba vyake vinastahili fedha nyingi kama dawa zenyewe.