Siku Niliyogeuka Mmea

Hapa Goma muhogo mbichi unauzwa karibu na mlango wa shule. Ni ule mtamu, si ule wa kulowekwa siku tatu. Mama muuzaji anaumenya, anaukata vipande vyeupe kama chaki, anakuongezea kiganja cha karanga. Unatafuna muhogo, unafuatisha karanga mbili, na kwa faranga 200 tumbo linanyamaza mpaka saa saba. Sina ugomvi na muhogo. Nautaja mapema kwa sababu ndio ulionifanya nisimame karibu dakika kumi mbele ya wanafunzi 46 nikiamini kwamba mimi si mtu.

Nilikuwa mwaka wa tatu sekondari, opsio ya biolojia-kemia. Shule nzima ilikuwa na hadubini moja. Sisi tuliiita mikroskopi. Ilikaa ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli, ufunguo ulikaa kwa prefe, mkuu wa shule, na prefe alikaa kwenye mikutano. Kwa hiyo siku ilipotoka, watu walichana nywele kana kwamba tunakwenda kupigwa picha.

Profu (kwetu mwalimu wa sekondari ni profu, hata akija kwa mguu na vumbi jeusi la volkano mpaka magotini) aliiweka kwenye meza ya dirishani, akakunja karatasi akaisokomeza chini ya mguu mmoja wa meza. Umeme ulikuwa umekwenda zake, tukatumia kile kioo kidogo cha chini kinachokusanya mwanga.

"Mwanga wa mbingu, si jua lenyewe," alisema. "Ukielekeza kioo kwenye jua, utaona seli moja nzuri sana, halafu hutaona tena kitu."

Akatueleza habari za Robert Hooke, Mwingereza aliyekata kipande chembamba cha kizibo, akakitazama, akaona vyumba vidogo vidogo, akaviita seli. Mwaka 1665. Vilikuwa kuta tupu, wenyewe walishakufa. Mtu wa nyuma akauliza kodi ilikuwa ngapi, akatolewa nje.

Kazi yetu ilikuwa seli za shavu. Unasuuza kinywa, unapitisha kijiti cha meno upande wa ndani wa shavu, polepole, unakipaka kwenye lamu (si kile kisiwa cha Kenya, ni kipande cha kioo, Kifaransa kimepita hapo), unadondosha tone la iodini, kisha unalaza juu yake lameli, kile kioo chembamba, ukianzia upande mmoja ili hewa itoke. Mwenzangu aliyenitangulia aliibwaga lameli yake kama anayefunika sufuria. Akachora duara safi lenye ukingo mweusi, akaliandikia mishale: utando, sitoplazimu. Lilikuwa kiputo cha hewa. Profu akamuuliza kiini kiko wapi.

"Kimetoka kidogo, profu."

Mimi nilimcheka sana huyo kijana. Nataka ijulikane.

Sasa, kusuuza kinywa. Ziwa Kivu lote lile liko pale chini, kutoka dirishani unaliona linang'aa, lakini bomba la shule lilikuwa na wiki kadhaa halijakohoa. Kulikuwa na bidoni moja ya njano ya maji mlangoni, na walionitangulia hawakusuuza, walikunywa. Zamu yangu ilipofika, nilimeza mate mara mbili nikahesabu kwamba nimesuuza.

Nikaweka jicho. Lenzi ya jicho inakuza mara 10, unazidisha kwa lenzi ya chini: ya 4 inakupa 40, ya 10 inakupa 100, ya 40 inakupa 400. Profu alituambia tupande ngazi hiyo bila kuruka, na tukishafika juu mkono usiguse skrubu kubwa ya kurekebisha picha, ni ile ndogo tu. Pale ndani kila kitu kinakwenda kinyume. Ukisukuma lamu kulia, picha inakimbia kushoto. Nilifukuza seli zangu mwenyewe kama anayefukuza kuku uwanjani, na kila lori likipita barabarani zinacheza zote pamoja.

Mwishowe zikatulia. Zilikuwa bapa, za manjano hafifu, kingo zimekunjamana kama karatasi ya mandazi iliyotupwa, kila moja na kitone katikati. Na juu yake, na pembeni, na kila mahali, vilikuwepo vidonge vya mviringo, vingine kama vimekatwa upande mmoja, vyote rangi ya bluu iliyoiva mpaka ikawa nyeusi.

Wiki iliyopita tu profu alikuwa ametuandikisha hivi: wanga ukikutana na iodini unageuka bluu-nyeusi. Mmea unaweka akiba yake kwa wanga. Mnyama hana wanga katika seli zake, anaweka glikojeni, hasa kwenye ini na misuli. Nilikuwa nimekariri kwa kelele, nyumbani kote walisikia.

Wazo la kwanza halikuwa la hofu. Lilikuwa: Hooke, 1665, kisha mimi.

La pili nililetewa na jirani yangu kwenye mstari, tuliyemuita Dokta kwa sababu mjomba wake anauza dawa. Alitazama muda mrefu. Akainua kichwa, akanishika bega kama mtu aliyekuja kwenye kilio.

"Eeh papa. Wewe uko mumea."

Darasa likasimama. Mmoja akaniamuru nitoe ulimi waone kama umeanza kuwa kijani. Mwingine akasema ndiyo maana sinenepi, nakula jua. "Na ndiyo maana anapendaga kukaa kwa dirisha!" Hilo lilinichoma, kwa kuwa ni kweli. "Mama yake atapumzika kupika," akamalizia Dokta, "atakuwa anamumwangilia tu maji." Nilikuwa nacheka nao, lakini mkono wangu ulikuwa umeshika shavu, unalipapasa kama lina gome.

Watu wakasukumana kuja kuona. Aliyefika wa kwanza akaona ukungu, na lenzi ya 40 ikiwa chini kabisa, akazungusha skrubu kubwa. Tukasikia "ko!" Lamu ikapasuka.

Hapo profu akaja. Aliililia lenzi kwanza, akaifuta, akaitazama kwenye mwanga, akashusha pumzi. Mimi nilikuwa wa pili. Nikamweleza, sauti ikitetemeka, habari za wanga. Akachungulia kipande kilichobaki, akanyamaza, kisha akasema kwa upole ambao hakuwahi kuutumia na sisi:

"Mwanangu, fungua kinywa."

Nikafungua. Akainama.

"Ulikula nini?"

"Muhogo, profu."

"Mubichi?"

"Mubichi. Na karanga."

"Karanga nimeziona."

Kwenye mfuko wa shati nilikuwa bado na kipande, kimefungwa kwa karatasi ya daftari. Akakiomba, akakiinua juu wote wakione, akakidondoshea iodini. Palepale kikageuka cheusi.

"Huyu ndiye mmea," akasema, akionyesha muhogo. Kisha akanionyesha mimi. "Huyu ni mchafu tu."

Msichana wa benchi la mbele alinipa maji ya chupa yake, nikasuuza mara tatu mbele ya mashahidi, tukaanza upya. Seli zikatokea peke yake, kila moja na kiini chake, bila kidonge hata kimoja. Nilipata 4 juu ya 10. Ule mchoro wa kwanza, wenye wanga, profu aliubandika ukutani kwa ajili ya somo la mimea, na jina langu chini yake.

Mdogo wangu wa kiume alisoma shule hiyohiyo, akafika nyumbani kabla yangu. Jioni mama alipakua bugali ya muhogo na sambaza, vile visamaki vya ziwani, hakuna aliyesema kitu, nami nikaanza kuamini nimepona. Nikamega tonge la kwanza. Ndipo nikahisi baridi miguuni. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa kando yangu na kikombe, ananimwagia maji kwenye vidole, taratibu, kwa heshima.

"Ukomee, yaya." Yaani, ukue, mkubwa wangu.

Mama aliruka kutoka kwenye kiti.

"Weye! Hiyo maji ni ya kesho!"