Kiwango cha dawa katika damu: kipimo cha tiba au cha utiifu?

Mama kutoka Ahero anapomrudisha mwanawe katika kliniki ya afya ya akili mjini Kisumu kwa sababu zile sauti zimeanza kumsumbua tena, swali la kwanza analoulizwa ni kama kijana alikuwa akimeza dawa. Mama anasema alimeza, kijana anasema vivyo hivyo, na daktari, ambaye foleni imejaa nje ya mlango wake, anaongeza dozi. Je, sampuli ya damu iliyopimwa kiasi cha dawa kilichomo ingemsaidia yeyote kati ya hao watatu?

Wanaotetea kipimo hiki wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2018 watafiti wa London walichapisha matokeo ya wagonjwa 99 waliofikiriwa kuwa skizofrenia yao (ugonjwa wa akili ambao mara nyingi humfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine) imeshindikana kwa dawa za kawaida. Takriban theluthi moja ya vipimo vyao vya damu ilionyesha dawa chini ya kiwango kinachotakiwa, na katika sehemu ya vipimo hivyo haikuonekana dawa yoyote. Kumbadilishia mtu kama huyo dawa, au kumwongezea nyingine juu ya ile ambayo haijafika mwilini, ni kuikatia tamaa dawa ambayo bado haijajaribiwa.

Hata hivyo, anayedhani kwamba kiwango kidogo ni ushahidi wa ukaidi anakosea, na hapa ndipo eneo letu lina lake la kuongeza. Mtu wa Siaya au Homa Bay anayetibiwa kifua kikuu cha kawaida humeza rifampisini kwa miezi 6, nayo rifampisini hulichochea ini livunje haloperidoli na klozapini, dawa mbili za skizofrenia, kwa kasi kubwa. Anaweza kumeza kila kidonge mbele ya mama yake na bado damu yake ikawa na dawa kidogo. Matibabu ya kifua kikuu yakiisha, ini hurudia mwendo wake wa kawaida baada ya wiki chache, na ile dozi iliyoongezwa wakati ule hugeuka kuwa kubwa mno: taya hukakamaa, mikono hutetemeka, na hakuna anayekumbuka kuihusisha hali hiyo na vidonge vya kifua vilivyokwisha. Kabamazepini inayotumiwa kwa kifafa hufanya kazi hiyohiyo ya kuchochea ini. Moshi wa sigara nao (moshi wenyewe, si nikotini) hupunguza klozapini na dawa mwenzake, olanzapini, katika damu, kiasi kwamba mgonjwa aliyekaa wodini bila kuvuta hutoka na kiwango kizuri, kisha akirudi mtaani Kondele kwa marafiki na pakiti yake, kiwango hushuka na ugonjwa hurudi. Katika hali zote hizo, damu humtetea mgonjwa ambaye familia ilikwisha kumhukumu.

Upande wa pili una hoja zake, na baadhi ni za kivitendo kabisa. Sampuli hutakiwa kuchukuliwa takriban saa 12 baada ya dozi ya jioni, na kabla ya dozi ya asubuhi. Mgonjwa aliyeamka alfajiri, akameza kidonge chake kwa nia njema, kisha akapanda matatu hadi mjini, atatoa namba ya juu isiyo na maana. Anayetumia sindano ya kila mwezi hupimwa kabla tu ya sindano inayofuata, la sivyo majibu hupotosha vilevile. Isitoshe, kipimo chenyewe kwa kawaida huhitaji mashine ghali na wataalamu wake, vitu ambavyo huwezi kuvitarajia katika maabara ya zahanati.

Hata namba sahihi haisemi sawasawa kwa kila dawa. Kwa klozapini, nanogramu (sehemu za bilioni za gramu) 350 kwa mililita ya damu ni kizingiti cha chini kinachoheshimika, na kupita 1,000 ni hatari ya degedege. Hapo namba huongoza kazi. Kwa haloperidoli, mwongozo wa wataalamu wa nchi zinazozungumza Kijerumani, uliosahihishwa mwaka 2017, unataja nanogramu 1 hadi 10. Pengo la mara kumi! Daktari anayemtazama mgonjwa akitembea na kunyosha mikono hupata habari nyingi kuliko hizo.

Klozapini inastahili neno la pembeni, kwa kuwa watu huchanganya vipimo vyake viwili. Kile cha lazima hakihusu kiasi cha dawa bali chembe nyeupe za damu, kwa sababu ya vifo vilivyotokea Finland mwaka 1975 kwa wagonjwa ambao dawa hiyo iliwamalizia chembe hizo. Viwango vya kawaida vya chembe hizo viliwekwa kwa damu ya Wazungu, ilhali Waafrika wengi huzaliwa na nyutrofili (aina mojawapo ya chembe hizo nyeupe) chache bila ugonjwa wowote, na wapo wanaonyimwa dawa hiyo kwa sababu ya namba ambayo kwao ni ya kawaida.

Hoja inayonitia wasiwasi zaidi ni ya uaminifu. Kipimo kikishageuka kuwa mtego, mgonjwa hujifunza kumeza dawa siku chache tu kabla ya kliniki, na majibu mazuri humdanganya kila mtu. Marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili ya Kenya yanatambua ridhaa ya mgonjwa katika matibabu yake. Damu inayochukuliwa ili kumnasa inakwenda kinyume na roho hiyo. Tena mara nyingine kidonge hakikumezwa kwa sababu hakikuwepo kwenye duka la dawa la hospitali, na hilo halihitaji maabara kuligundua.

Kwa hiyo ningeunga mkono kipimo hiki kwa anayetumia klozapini, kwa anayeanza au kumaliza dawa za kifua kikuu, na kwa yule ambaye dozi ya kutosha haijamsaidia, huku fedha za kupima kila mtu zikielekezwa kwanza kwenye kuhakikisha dawa haikosekani. Fomu ya maabara iulize saa ya dozi ya mwisho, dawa nyingine anazotumia mgonjwa, na idadi ya sigara kwa siku. Maswali hayo matatu mama wa Ahero anaweza kuyajibu akiwa bado kwenye benchi, kabla sindano haijafunguliwa.