Kampuni ni zilezile, Ulaya na Kenya

Ndugu na marafiki walioko Kenya huniambia mara kwa mara kwamba huku Ujerumani ninakoishi kampuni kubwa za teknolojia zinaheshimu watu. Sikubaliani nao. Google ninayotumia mimi ndiyo wanayotumia wao, na hamu yake ya kujua tunasoma nini ni ileile. Ila huku kuna anayeihoji.

Kanuni ya Ulaya ya kulinda data, iliyoanza kutumika Mei 2018, inanipa haki ya kudai nakala ya kila kilichokusanywa kunihusu, na jibu kwa kawaida linapaswa kuja ndani ya mwezi mmoja. Nilidai kwa kampuni moja, nikaletewa mafaili. Humo mlikuwa na maneno niliyotafuta usiku wa manane nikihofia afya yangu, njia nilizopita na saa zake, hata video nilizoanza kutazama nikaziacha. Kilichoniuma zaidi ni orodha ya namba za simu za watu wangu, wengi wao wakiwa Kenya. Hakuna aliyewauliza kama wanaridhia kuwekwa humo.

Usidhani basi kwamba Ulaya mambo huenda haraka. Mei 2023 mamlaka ya data ya Ireland iliitoza Meta, kampuni inayomiliki Facebook, faini ya euro bilioni 1.2 kwa kuhamishia Marekani data za Wazungu. Max Schrems wa Austria alianza kulalamikia jambo hilo mwaka 2013, akiwa mwanafunzi wa sheria. Miaka kumi!

Wengine hujifariji kwa Hali Fiche ya kivinjari (Incognito). Hiyo huzuia tu simu au kompyuta yako isitunze historia. Tovuti unazofungua na kampuni inayokuuzia intaneti bado zinakuona. Mwaka 2024, ili kumaliza kesi huko Marekani, Google ilikubali kufuta mabilioni ya rekodi za watu waliovinjari kwa njia hiyo.

Sasa tazama nyumbani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kanuni zake zinaipa kampuni siku 7 tu kukupa data zako ukiziomba. Malalamiko kwa Kamishna wa Data yanatakiwa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Kwa maandishi, tumewapita Wazungu. Wala sheria hiyo si pambo: Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru Worldcoin, kampuni ya sarafu ya kidijitali, ifute data za kibayometriki (kama picha za macho) ilizokusanya kwa Wakenya, baada ya shirika la kutetea katiba, Katiba Institute, kwenda mahakamani. Wakopeshaji wa mtandaoni nao wameshatozwa faini na Ofisi ya Kamishna kwa kutumia namba za ndugu na marafiki wa wadaiwa kuwasumbua.

Kwa hiyo sizungumzii tena kuziamini kampuni hizi au kutoziamini. Mimi siziamini, huku wala huko. Ninachotaka ni Wakenya wengi zaidi waziandikie. Programu ikidai kusoma majina yote yaliyo kwenye simu yako kabla ya kukuhudumia, ikatalie. Kama ulishairuhusu, iandikie barua pepe, udai nakala ya ilichonacho kukuhusu, utunze tarehe uliyotuma, na siku 7 zikipita kimya upeleke malalamiko kwa Kamishna.