GPA ndogo na mlango wa sororiti

Binti anayetoka kwetu kuja kusoma Marekani huonywa mapema kuhusu baridi, bima ya afya na bei ya vitabu. Kuhusu sororiti haambiwi kitu. Mwezi wa nane anaona wenzake wamepanga foleni mbele ya nyumba kubwa zenye herufi za Kigiriki, anajiandikisha na kulipa ada, ambayo kwa kawaida hairudi, kisha ndipo anaulizwa GPA, yaani wastani wa alama zake za masomo yote.

Kwa walioko nyumbani: sororiti ni chama cha udada cha wanachuo, chenye matawi vyuoni, ada za kila muhula, na mara nyingi nyumba ya kuishi. Vingi vya vile vya kitaifa viko chini ya National Panhellenic Conference, iliyoanzishwa 1902. Vya Wamarekani weusi vina baraza lao, lililoundwa Howard University mwaka 1930, na kati ya vyama vyake tisa vinne ni vya wanawake: Alpha Kappa Alpha, Delta Sigma Theta, Zeta Phi Beta na Sigma Gamma Rho. Kamala Harris ni wa Alpha Kappa Alpha, aliingia akiwa Howard.

Wengi hudhani GPA inaulizwa ili kupima akili. Mimi naona inaulizwa kulinda sura ya tawi. Vyuo vingi hutoa kila muhula wastani wa GPA wa kila tawi, umepangwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, kando ya wastani wa wanachuo wanawake wote. Binti mwenye 2.3 anashusha namba hiyo, basi. Tawi likiwa na nafasi za wenye maksi dhaifu, huwa chache, na huenda kwa wale ambao dada wa tawi wanawajua tangu sekondari. Mgeni hana wa kumsemea, kwa hiyo anakatwa raundi ya kwanza kabla hata jina lake halijatamkwa sawasawa.

Raundi zenyewe kwa kawaida ni nne: kutembelea nyumba zote, kusikia habari za hisani wanayofanya, kuona maisha ya udada, na ya mwisho ya kuchaguana. Baada ya hiyo ya mwisho unasaini mkataba wa kupanga matawi unayoyakubali. Usome kabla ya kalamu kugusa karatasi. Tawi uliloliorodhesha likikualika nawe ukakataa, umefungwa kwa takriban mwaka mzima, huwezi kuingia chama kingine cha National Panhellenic Conference chuoni hapo.

Mwenye GPA ndogo asiingie kwenye msimu huo mkubwa. Mlango wake ni wa pembeni: matawi ambayo hayajafikia idadi ya wanachama inayoruhusiwa chuoni huendelea kualika watu nje ya msimu, bila raundi wala mbwembwe. Ofisi ya chuo inayosimamia vyama hivi inajua ni matawi yapi. Nenda kauliza, na uulize pia kiwango cha chini cha kila tawi kwa namba. Vingi viko kati ya 2.5 na 3.0, na tawi lina ruhusa ya kudai zaidi ya makao makuu.

Kisha piga hesabu. Chukua masomo matano ya krediti 3 (krediti ni uzito wa somo), A ikiwa pointi 4 na D pointi 1: A, B, B, C, D. Pointi ni 4+3+3+2+1, mara 3, sawa na 39. Gawa kwa 15 unapata 2.6. Chuo kikiruhusu kurudia somo na kufuta alama ya zamani, D ikawa B, unafika 3.0 kamili. Ndiyo maana mwaka wa kwanza ndio wa kurekebisha. Mwenye 2.2 kwa krediti 15 akipata 3.4 kwa krediti 15 za muhula unaofuata anafika 2.8. Mwenye 2.2 hiyo hiyo kwa krediti 60 akipata 3.4 kwa 15 nyingine anaishia 2.44, bado yuko nje.

Mitego iko mitatu. Kozi ya kiangazi kwenye chuo kidogo cha jirani kwa kawaida inahamisha krediti tu, alama yake haiingii kwenye GPA yako. Kuacha somo katikati ya muhula hakushushi GPA, lakini mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, akishuka chini ya krediti 12 bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni amevunja masharti ya viza, na hakuna udada unaostahili hilo. Tena, aliyehamia kutoka chuo cha Tanzania asijaze 3.5 yake kama ilivyo. Yetu ni kati ya 5, yao kati ya 4. Aombe tathmini rasmi ya matokeo aipeleke hiyo.

Sasa nyumbani. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chama cha mkoa au jumuiya ya dini hakikuulizi una sapu (mitihani ya marudio) ngapi. Unaingia, unapewa madesa (noti) ya waliotangulia, unakaa nao kwenye vimbweta, viti vya kujisomea vya nje, mpaka usiku, na anayefahamu hesabu anafundisha asiyefahamu. Mlango wetu ni wa utu zaidi, na sitabadilisha kauli hiyo. Ila ukishaingia hakuna anayekufuatilia. Mtu anaweza kuongoza kwaya muhula mzima huku anazama, wenzake wakajua siku anapodisko, yaani anapoondolewa chuoni kwa kufeli. Sororiti ikishakupokea, inapata alama zako kwa idhini uliyosaini, na matawi mengi humpangia mwanachama mpya saa za lazima za kujisomea kila wiki, na ukishuka unasimamishwa shughuli. Ni ukali wa kujilinda, lakini unamfaa mtu. Jumuiya zetu zingeweza kuuiga bila kufunga mlango.

Vyama vinne vya weusi vina utaratibu mwingine kabisa. Havina wiki ya foleni. Tawi hutangaza mkutano likitaka kupokea watu, na kuna miaka halitangazi. Wanataka uwe tayari umekusanya krediti za chuo, kwa hiyo matokeo ya kidato cha sita hayakusaidii wala hayakuponzi. Wanaangalia kazi za kujitolea zenye ushahidi na barua za kukutambulisha. Akitokea mtu wa kukutesa au kukunyima usingizi eti ndiyo kuingizwa, hilo ni kosa kisheria katika majimbo mengi, toa taarifa. Na vyama hivi vina matawi ya waliohitimu, ambako wanawake wenye kazi na watoto hupokelewa wakiwa na shahada mkononi. Aliyeshindwa kufika 2.5 akiwa na miaka kumi na tisa anaweza kuomba tena akiwa na thelathini na tano.